Kuipa IST nguvu kidogo bila kuiharibu: uanzie wapi, uishie wapi

Gari ninalolizungumzia hapa ni Toyota IST ya toleo la kwanza, ile iliyotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, yenye injini ya 2NZ-FE ya cc 1,298. Ndiyo ninayoiendesha, na ndiyo iliyojaa Dar es Salaam, kuanzia magari ya familia hadi ya Bolt na Uber. Ilitoka kiwandani na nguvu farasi 87, na uzito wake ni karibu tani moja. Mengi nitakayoyasema yanaifaa pia Vitz, Platz, Funcargo na Probox, kwa kuwa nyingi kati ya hizo zina injini za ukoo huohuo wa NZ.

Kwa mizunguko ya Mbagala na Posta, farasi 87 wanatosha na kubaki. Shida huanza siku ya safari ya Iringa: watu wanne ndani, mabegi nyuma, kiyoyozi kimewashwa, na mlima Kitonga uko mbele na malori yake yanayopanda kwa mwendo wa miguu. Siku hiyo ndipo mtu anaporudi mjini akimtafuta wa kumwongezea nguvu. Nilifanya hivyo. Nikaanza na filta ya koni na sailensa ya mlio, kwa ushauri wa fundi mmoja aliyeniambia, "Kaka, hii ikipumua tu, utaisahau." Safari iliyofuata nilipanda Kitonga kwa gia ileile, nyuma ya malori yaleyale, na watoto hawakuweza kulala kwa kelele. Pesa ile ingenunua seti nzima ya shokapu.

Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao ningependa mtu angenipa siku ile.

Hatua ya 1: Itaje shida yako, kisha ipime

Ukimwambia fundi "gari halina nguvu", atakuuzia anachokiuza. Mwambie kitu kinachoshikika. Je, linachelewa kuondoka kwenye taa? Linachukua muda mrefu kutoka mwendo wa 40 hadi 80 unapotaka kulipita lori? Lilikuwa linapanda mlima fulani vizuri mwaka jana na sasa linalia? Au nguvu ipo, ila gari linayumba kwenye kona hadi unaogopa kukanyaga? Hizi ni shida nne tofauti, na ya mwisho haihusu injini hata kidogo.

Kisha pima. Tafuta kipande cha barabara kilichonyooka, tambarare, nje ya makazi, asubuhi mapema pasipo na magari. Abiria ashike saa ya kuhesabu kwenye simu. Nenda kwa 40, kanyaga mafuta hadi chini, asimamishe saa ikifika 80. Fanya mara tatu kwenda na mara tatu kurudi, maana kuna upepo na miinuko midogo ambayo macho hayaioni, halafu chukua wastani. Pima na ulaji wa mafuta pia: jaza hadi pampu ijikate yenyewe, tembea wiki nzima, jaza tena kwenye pampu ileile, gawanya kilomita kwa lita. Andika namba hizo kwenye daftari. Bila daftari, masikio yatakudanganya, kwa sababu gari lenye kelele huonekana kuwa na kasi.

Jambo moja la kuzingatia unapopima: mwinuko. Iringa mjini iko kwenye mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Dar. Injini isiyo na turbo inapoteza nguvu kwa takriban kiasi hichohicho, kwa hiyo farasi 87 wa pwani wanabaki 74 hivi. Mwenye Vitz wa Nairobi anaishi na upungufu huo kila siku. Usipime Dar kabla ya matengenezo na Iringa baada ya matengenezo ukadhani umeibiwa.

Hatua ya 2: Warudishe farasi waliopotea

Hapa ndipo penye nguvu nyingi kuliko mahali pengine popote, na ndipo watu wanaparuka kwa sababu hapana kitu cha kuonyesha marafiki. Hata IST ya mwisho kutengenezwa ya toleo hili sasa inakaribia miaka 20. Imepita mikononi mwa mafundi wengi, na kila mmoja ameacha kitu chake.

Anza na kipimo cha kompresheni, yaani presha ndani ya kila mtungi. Fundi anatoa plagi zote nne, anafunga geji kwenye kila mtungi kwa zamu, anapiga stata. Unachotafuta ni mitungi minne inayokaribiana. Mmoja ukiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya psi 15 hivi, una valvu au ringi zilizochoka, na kila senti utakayotumia kuongeza nguvu juu ya injini hiyo itamwagika. Tengeneza injini kwanza au acha mpango mzima.

Kisha oili, na hapa nitakaa kidogo. Kuna mazoea gerejini ya kuweka 20W-50 kwenye gari lolote lililotembea sana, kwa hoja kwamba nzito ndiyo inayolinda. Injini za NZ zina VVT-i, mfumo unaobadili majira ya kufunguka kwa valvu, na kinachousukuma mfumo huo ni presha ya oili yenyewe. Oili hupita kwenye njia nyembamba na kwenye kijichujio cha wavu kidogo kuliko ncha ya kidole, ndipo ifike kwenye gia ya kamshafti. Nzito kupita kiasi inachelewa kufika. Iliyokaa muda mrefu inaacha tope linaloziba wavu ule. Gari la namna hiyo linawaka vizuri, linatulia vizuri likiwa limesimama, ila linakosa nguvu katikati, pale hasa unapotaka kulipita lori. Rudi kwenye 5W-30 yenye kiwango kizuri, karibu lita 3.7 ukibadili pamoja na filta, na umwombe fundi afungue valvu ya VVT-i asafishe wavu wake. Kazi hiyo haimalizi saa moja. Nimeiona ikilifufua Probox ambalo mwenyewe alikuwa ameshaanza kulitafutia mteja.

Jambo la pili ambalo huwa nalikagua kwa gari lolote la mtumba ni themostati. Injini ikichemka mara moja, fundi huitoa na kusema, "Nchi yetu ya joto, haina kazi." Ina kazi kubwa. Themostati ya injini hii hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na ikiwa haipo, maji yanazunguka muda wote na injini inachelewa kupata joto lake, hasa asubuhi na kwenye mwendo mrefu. Kompyuta ya gari, ikiona injini bado baridi, inaongeza petroli kama vile ndiyo kwanza umewasha. Unakula mafuta mengi, plagi zinapata masizi, na nguvu inapungua. Kama gari lako linachukua nusu saa barabarani bila kupata joto vizuri, uliza kama themostati bado ipo. Kama ilitolewa kwa sababu injini ilikuwa inachemka, ujue ugonjwa wenyewe haukutibiwa: rejeta iliyoziba, feni, au mfuniko wa rejeta.

Mengine nitayapitia haraka. Ea klina: ibadilishe, usiipulize kwa kompresa mara ya tano. Sensa ya hewa iliyo karibu na boksi la ea klina ina waya mwembamba kama unywele. Isafishe kwa dawa yake maalumu ya kupulizia, kamwe si kwa dawa ya breki wala kwa pamba. Safisha throto. Nozeli zioshwe kwa mashine inayoonyesha kila moja inavyorusha, uone kwa macho yako kabla na baada. Plagi za iridium zilizo halali hukaa hadi kilomita 100,000, lakini feki zimejaa, iwe Gerezani pale Kariakoo, iwe Kirinyaga Road kule Nairobi. Nunua duka linalotoa risiti ya EFD na litakalokubali kuzipokea tena zikiwa mbovu. Kama gari lina misi, yaani mtungi mmoja hauchomi vizuri, badilisha koili kutoka mtungi mmoja kwenda mwingine uone kama misi inahama nayo, kabla hujanunua koili zote nne.

Halafu kuna breki zinazoshika. Baada ya kuendesha nusu saa bila kufunga breki sana, simama na usogeze kiganja karibu na kila rimu. Moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, kalipa imekwama au handibreki haiachii. Gari lako limekuwa likivuta mzigo usioonekana, na hakuna programu ya kompyuta itakayoutoa.

Mwisho wa hatua hii ni mafuta ya giaboksi, ambayo wengi tunayaita haidroliki. IST ya otomatiki ina gia nne na inatumia ATF aina ya T-IV. Soma maandishi kwenye kijiti chake cha kupimia. Usikubali "hii nyekundu ni ileile." Na kama gari lako ni Vitz au Passo la baadaye lenye CVT, ile giaboksi isiyo na gia za hatua, mafuta yake ni ya aina nyingine kabisa. Ukimimina ATF ya kawaida kwenye CVT umeanza safari ya kununua giaboksi.

Rudi kwenye barabara yako ya kupimia. Watu wengi wakifika hapa wanaridhika, na hawajanunua hata kifaa kimoja cha spoti.

Hatua ya 3: Zitumie gia ulizonazo

Hii haina gharama. Injini ya 2NZ-FE inatoa torki (nguvu ya kuzungusha) yake kubwa, 121 Nm, kwenye mizunguko 4,400 kwa dakika, na nguvu yake yote kwenye 6,000. Dereva aliyezoea kuona mshale ukicheza kati ya 1,500 na 2,500 hajawahi kukutana na gari lake mwenyewe. Unapojiandaa kulipita lori, zima O/D, yaani gia ya nne, kwa kile kitufe cha kwenye gia, liache gari lishuke hadi gia ya tatu, na ukanyage mapema, ukiwa bado nyuma ya lori na barabara ikionekana wazi. Injini yenye afya na oili nzuri haiharibiki kwa kufikishwa 5,000 mara chache. Ukimaliza kupita, rudisha O/D.

Kiyoyozi nacho kinachukua sehemu inayohisika kwa injini ndogo. Kizime kwa dakika zile za kupanda au kupita, kisha ukiwashe.

Na toa mzigo. Spika kubwa ya buti na boksi lake, spana za miaka yote, madumu ya maji. Kwa gari la tani moja, kila kilo 50 unazoondoa ni asilimia 5 ya uzito, na kwa kupanda mlima hiyo ni sawa na kuongeza farasi wanne.

Hatua ya 4: Matairi, ambayo ndiyo ningeyanunua kwanza

Ukiwa na fedha ya kununua kitu kimoja tu kipya, nunua matairi manne mazuri. Kila nguvu ya injini, kila breki na kila kona inapita kwenye vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa kiganja. Matairi ya mtumba yenye kashata nzuri yanaweza kuwa yamekauka. Angalia ubavuni penye herufi DOT: tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mimi sinunui tairi lililozidi miaka mitano hata likiwa halijagusa lami.

Kipimo ni suala ambalo linawaumiza wengi bila wao kujua. Chukua Vitz iliyotoka na 175/65R14. Kimo cha tairi hilo zima ni milimita 583 hivi. Mwenye gari anataka linyanyuke kidogo kwa ajili ya rafu rodi, anafunga 185/65R15, lenye milimita 621. Limekuwa kubwa kwa zaidi ya asilimia 6. Kwanza, spidi mita sasa inadanganya: ikisoma 80, unakwenda 85, na tochi ya trafiki haitakuelewa. Pili, na hili ndilo linalouma, gia zote zimerefuka kwa asilimia hizohizo 6, kwa hiyo msukumo unaofika barabarani umepungua kwa kiasi hicho. Mtu huyohuyo baadaye anakwenda kutafuta filta ya spoti imrudishie asilimia 2.

Kama unataka rimu za inchi 15 kwenye gari la 175/65R14, tafuta 185/55R15: tofauti ya kimo ni chini ya milimita 2. 195/50R15 nayo ni ndogo kwa asilimia 1 tu, ingawa ubavu wake ni mfupi na mashimo utayahisi kwenye kiuno. Kipimo halisi cha gari lako na upepo wake viko kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Soma hapo, usimwulize mtu wa kujaza upepo.

Pima na uzito wa rimu. Sio kila rimu ya spoti ni nyepesi. Nyingi za bei nafuu ni nzito kuliko chuma ya kiwandani, na uzito wa gurudumu unaigharimu injini kuliko uzito wa buti kwa sababu lazima uzungushwe pia. Nenda na mizani ya kuning'iniza mizigo, ile ya wasafiri wa ndege. Muuzaji akishangaa, mwache ashangae. Baada ya kufunga, fanya balansi na wili alaimenti siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Breki na shokapu kabla ya kasi

Kutoka mwendo wa 80 hadi 100, nishati ambayo breki inapaswa kuimaliza inaongezeka kwa zaidi ya nusu, asilimia 56. Ndiyo maana siwezi kumshauri mtu aongeze nguvu kabla ya kugusa breki.

Huhitaji diski kubwa. Unahitaji pedi nzuri za mbele, diski zisizopinda, breki za ngoma za nyuma zilizosafishwa na kurekebishwa, na mafuta mapya ya breki. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewa, na unyevu wa Dar, Tanga na Mombasa hauhitaji maelezo. Mafuta mapya ya kiwango cha DOT 3 yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi 205. Yakishanyonya maji, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Yakichemka wakati unateremka Kitonga ukirudi Dar, mguu unazama hadi chini na gari halisimami. Badilisha kila miaka miwili, tumia DOT 4 kwa kuwa inachanganyika na DOT 3, na uteremke kwa gia ya 2 au L ili injini ikusaidie. Usiguse DOT 5 tupu (si 5.1). Hiyo ni silikoni na haichanganyiki.

Shokapu zilizokufa ndizo zinazofanya IST ionekane dhaifu barabarani kuliko ilivyo. Gari linaruka baada ya tuta mara mbili au tatu, linaelea kwenye kona, dereva anapunguza mwendo, halafu kila mwinuko unamkuta akiwa hana kasi ya kuanzia. Funga shokapu nne mpya za kiwango cha kiwandani, Kayaba au zinazolingana nazo, pamoja na bushi za kontroli amu na stabilaiza linki. Seti hiyo kwangu ndiyo iliyobadili safari kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kufunga, na huo ni uzoefu wangu wa gari moja, uupime kwa lako.

Sasa, spesa, vile vipande vya kunyanyulia gari. Najua kwa nini tunanyanyua magari haya: matuta, mitaro, barabara za kuingilia nyumbani. Ukinyanyua kidogo, wastani wa inchi moja, gari bado litakuwa na adabu. Ukinyanyua sana, uzito unapanda juu, gari linalala kwenye kona, shafti zinafanya kazi kwa pembe isiyo yake, buti za mpira zinachanika na joinzi zinaanza kulia. Mtu anayetaka gari litembee vizuri na wakati huohuo alinyanyue inchi tatu anavuta kamba kutoka pande zote mbili. Kukata springi ili gari liwe chini ni kosa kubwa zaidi. Springi iliyokatwa inaweza kuchomoka kitini mwake gurudumu linapoangukia shimoni.

Hatua ya 6: Sasa, kama bado unataka, ongeza

Tumefika kwenye vile vitu ambavyo wengi huanza navyo. Nitasema ukweli wa kila kimoja.

Filta ya hewa ya spoti inayokaa ndani ya boksi la kiwandani haina madhara ukiisafisha vizuri, na faida yake ni ndogo kiasi kwamba daftari lako huenda lisiione. Usiipake mafuta mengi, yataruka hadi kwenye waya wa sensa ya hewa. Filta ya koni iliyo wazi ndani ya boneti ina tatizo jingine: inavuta hewa ya moto. Kila nyuzi 3 hewa inapopanda joto, uzito wake unapungua kwa asilimia 1 hivi. Kwenye foleni ya Ubungo, chini ya boneti kuna joto la kupikia. Kwa kutaka kuongeza hewa, umeipunguza. Boksi la kiwandani linavuta hewa kutoka mbele, penye ubaridi. Kagua tu kama mrija wake haujapasuka au kuondolewa na fundi aliyeuona unamsumbua.

Ekzosti: kama sailensa yako imeoza, funga nyingine bora yenye bomba la kipenyo cha kiwandani au kilichozidi kidogo sana. Bomba kubwa kwenye injini ya cc 1,298 linaharibu torki ya chini, ambayo ndiyo unayoitumia kila siku. Katalitiki usiing'oe. Ikiwa imeziba, dalili ni gari kukosa pumzi kwenye mizunguko ya juu, na dawa yake ni kufunga iliyo nzima. Wako wanaokushawishi uitoe kwa sababu wanainunua: ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu.

Programu ya kompyuta: kwa injini zenye turbo, mtaalamu anaweza kupata mengi. Kwa injini ndogo isiyo na turbo unapata asilimia chache tu, na mara nyingi sharti lake ni petroli ya oktani ya juu siku zote. Huko Kilolo au Mbinga utaitoa wapi? Petroli ya gharama kubwa kwenye IST ambayo haijabadilishwa chochote nayo haikupi nguvu. Injini hizi zilitengenezwa kutumia petroli ya kawaida ya Japani. Na vile vidude vya kuchomeka kwenye tundu la OBD, lile la kusomea kompyuta ya gari, vinavyoahidi nguvu na kupunguza ulaji wa mafuta, ambavyo ndani vina taa tu za kuwakawaka, usivinunue kabisa.

Kuna ongezeko moja la kweli ambalo mafundi wengi watalitaja: kutoa 2NZ na kuweka 1NZ-FE ya cc 1,496. Bloku ni za ukoo mmoja, kipenyo cha mtungi ni kilekile milimita 75, ila pistoni ya 1NZ inasafiri milimita 84.7 badala ya 73.5. Farasi wanafika 109 hivi na torki inapanda kwa Nm 20. Kama injini yako imekufa na unanunua nyingine ya mtumba hata hivyo, ni chaguo la kufikiriwa, ukichukua pamoja na kompyuta na waya zake. Kama injini yako nzima, gharama hiyo ielekeze kwenye kuuza gari na kununua lililotoka na 1NZ tangu Japani.

Turbo na gesi ya nitro siviweki hapa. Kompresheni ya injini hii tayari iko juu, 10.5 kwa 1, giaboksi yake haikuundwa kwa nguvu hizo, na gari hili ndilo linalowapeleka watoto shule.

Hatua ya 7: Karatasi

Namba ya injini iko kwenye kadi ya gari. Ukibadili injini, peleka taarifa TRA kwa Tanzania au NTSA kwa Kenya kabla hujasimamishwa njiani au hujaamua kuuza. Kampuni ya bima ipewe taarifa ya badiliko lolote kubwa, kwa maandishi, ubaki na nakala. Bima kubwa inaweza kukataliwa kwa jambo lililofichwa. Sailensa ya kelele na taa zilizobadilishwa ndizo zinazomvuta trafiki kwa haraka kuliko chochote.

Mgawanyo wa fedha na mpangilio wa kufunga

Nikipewa shilingi milioni 2 leo kwa ajili ya IST ambayo sijui historia yake, ningetumia takriban robo kwenye hatua ya pili, oili na plagi na themostati na giaboksi. Karibu milioni nzima ingekwenda kwenye matairi na shokapu. Inayobaki ni breki, alaimenti, na akiba ya kile kitakachogundulika baada ya kufungua, maana daima kuna kitu.

Funga kitu kimoja, tembea wiki mbili, rudi kwenye barabara yako ya kupimia na daftari, ndipo ufunge kingine. Ukifunga vitatu kwa siku moja na gari likaanza kukohoa, hutajua umshike nani. Na kila kilichotolewa chukua, kifunge kwenye gazeti, andika tarehe. Boksi langu la ea klina la kiwandani nilikuwa nimeliacha gerejini siku nilipofunga ile koni. Kulipata jingine zima, lenye mrija wake wa mbele na klipu zake zote, kulinichukua Jumamosi mbili za kuzunguka Ilala.